KONOKONO WA ZIWA LETU, MWENYE NYUMBA MOJA TU DUNIANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na vyote vilivyomo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. 

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za twahara, za adabu na za historia ya maimamu wetu. Mwaka huu tumeona tulete somo la kiumbe mdogo ambaye wengi wetu tunampita kila siku tunapokwenda kuchota maji, wala hatumjui. Huyo ni konokono wa Ziwa Tanganyika. Asije mtu akasema, "Konokono naye anasomeshwa madrasa?" Qur'ani ina sura iliyoitwa kwa jina la nyuki, nyingine kwa jina la chungu, na nyingine kwa jina la buibui. Mkubwa wa kuumba hakuona haya kuwataja wadogo. Sisi ni nani hata tuone haya kuwasoma?

SABABU YA SOMO HILI

Kila mwaka katika mwezi wa Shaabani, wanafunzi wa madrasa yetu hapa Kagunga huibeba mikeka yote kuipeleka ziwani kuifua, ili Ramadhani itukute tuko safi. Siku moja ya kufua mikeka, mwanafunzi mmoja wa darasa la Juzuu Amma alitujia na konokono wawili kiganjani. Akauliza, "Maalim, hawa wako na Dar es Salaam kwa shangazi yangu?"

Tulimjibu kwa haraka kwamba konokono wapo kila mahali. Pale karibu alikuwapo mzee mmoja mvuvi akitengeneza nyavu zake. Alicheka, kisha akasema: "Maalim, usimfiche mtoto. Hawa si wa kila mahali. Na jiwe hili zamani lilikuwa limejaa hao. Tangu mteremshe udongo wenu, ndio hao wawili."

Maneno yale yalituingia kwa sababu mbili. Ya kwanza, tulikuwa tumemjibu mtoto bila ya elimu, na sisi ndio tunaowafundisha kwamba asiyejua aseme, "Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye." Ya pili, udongo aliousema ulikuwa ni wetu kweli, na habari yake tutaieleza mbele. Basi tukarudi kusoma na kuwauliza wanaojua, na haya ndiyo tuliyoyapata.

ZIWA NI KISIWA KILICHOGEUZWA

Wanafunzi wetu wanajua kisiwa ni nini: ni nchi kavu iliyozungukwa na maji, kama Unguja na Pemba. Mnyama wa nchi kavu asiyeweza kuruka wala kuogelea, akiishi kisiwani amefungwa humo. Huzaana na wenzake wa kisiwa kile tu, na miaka ikipita mingi sana, kizazi chake huwa tofauti na vizazi vya kwingine. Ndiyo maana visiwa vingi vya nchi za joto vina konokono wa nchi kavu ambao hawapatikani popote pengine.

Sasa igeuzeni picha hiyo. Kwa kiumbe wa majini, maji ndiyo nchi yake na nchi kavu ndiyo bahari yake. Ziwa lililozungukwa na milima ni kisiwa kwake. Ziwa letu ni kisiwa cha namna hiyo, tena kikubwa na kikongwe. Wataalamu wanakadiria kuwa umri wake ni kati ya miaka milioni 9 na milioni 12. Lilifanyika pale ardhi ilipopasuka na kudidimia katika Bonde la Ufa. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 670, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani kote hakuna ziwa lenye kina kirefu kulishinda ila Baikal, lililoko Urusi.

Katika muda huo mrefu, viumbe waliofungiwa humu wamekuwa jamaa ya peke yao. Samaki wetu wengi, kwa mfano kuhe na migebuka, asili yao ni humu. Na konokono vilevile. Ziwa hili lina aina zaidi ya 60 za konokono, na zaidi ya nusu ya aina hizo haziishi mahali pengine popote ulimwenguni.

Kwa hiyo jibu sahihi la yule mtoto lilikuwa hili: "Hapana, mwanangu. Hawako Dar es Salaam, wala Unguja, wala Ziwa Victoria, wala Ziwa Nyasa. Nyumba yao ni ziwa hili."

TUWAJUE KWA MAJINA

Mwezi Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji kwa njia ya misafara ya biashara iliyotoka pwani. Speke aliokota magamba ya konokono ufukweni akaenda nayo kwao. Mwaka 1859 mtaalamu mmoja huko Uingereza aliyaandika kuwa ni ya aina zisizojulikana kwa wasomi wao. Mmoja wa konokono hao leo huitwa kwa jina la kitaalamu Spekia zonata. Ni mviringo, gamba lake ni nene, na nyayo yake ni pana, kwa hiyo hung'ang'ania mwamba mahali mawimbi yanapopiga. Mkienda kwenye mawe baada ya upepo mkali mtamwona bado yuko pale pale.

Wa pili ni Tiphobia horei. Huyu ana miiba mirefu iliyozunguka gamba lake mithili ya taji. Makazi yake ni sehemu za ndani zenye matope laini, kwa hiyo ni nadra kumwona akiwa hai. Aliandikwa mwaka 1880, akapewa jina la Edward Coode Hore, baharia wa misheni ya London aliyefika Ujiji mwaka 1878.

Wa tatu ni jamaa kubwa iitwayo Lavigeria, yenye aina nyingi zinazoishi juu ya mawe na mchangani. Magamba yao yana mistari na vinundu kama kazi ya fundi wa nakshi. Konokono hawa hawatagi mayai na kuyaacha. Mama hubeba watoto ndani ya mwili wake hadi wawe na magamba yao madogo, ndipo huwatoa. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalihitaji mbele: mtoto huyo hana mapezi wala hachukuliwi mbali na maji. Hutambaa tu karibu na alipozaliwa.

Wa nne ni Neothauma tanganyicense, mkubwa kuliko wote humu ziwani. Gamba lake linaweza kufika kiasi cha sentimita 6. Yeye ndiye pekee wa jamaa yake aliye hai leo.

Ndugu wasomaji, majina hayo ni ya wageni. Lakini walioyaonyesha magamba hayo kwa wageni, na waliowapiga makasia, walikuwa ni watu wa ufuo huu. Wazee wetu waliwajua konokono hawa kabla ya kitabu chochote. Kilichokosekana ni kuandika. Hilo nalo ni somo kwa kijana mwenye kalamu.

KWA NINI WANAFANANA NA WA BAHARINI?

Wasomi wa Ulaya walipoyaona magamba haya walishangaa. Konokono wengi wa maji baridi huwa na magamba membamba yasiyo na pambo. Haya ya kwetu ni manene, yenye miiba na mistari, kama ya pwani ya Tanga au Kilwa. Mwingereza mmoja, J. E. S. Moore, alikuja ziwani mara mbili katika miaka ya 1890, na mwaka 1903 akachapisha kitabu kizima juu ya fumbo hili. Alidhani kwamba hapo kale ziwa letu liliungana na bahari, na konokono hawa ni mabaki ya bahari hiyo.

Dhana hiyo haikusimama. Ziwa letu halijawahi kuwa bahari. Miaka mingi baadaye watafiti waliangalia jirani anayeishi na konokono hawa, yaani kaa. Kaa wa ziwa hili wana magando yenye nguvu, na chakula chao kimojawapo ni konokono. Kaa hulivunja gamba apate nyama. Mwenye gamba jembamba huliwa, mwenye gamba nene husalimika na kuzaa. Kaa naye mwenye magando dhaifu hushinda na njaa. Hivyo vizazi kwa vizazi konokono wakawa wagumu na kaa wakawa na nguvu. Matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa mwaka 1991. Baharini nako kuna kaa wavunja magamba, ndiyo sababu magamba ya huko na ya huku yakafanana ingawa hayana udugu wa karibu.

Mwanafunzi na azingatie: mtu alisafiri maelfu ya maili akaandika kitabu kizima, na bado jibu lake halikuwa sahihi. Kukosea si aibu kwa mtafuta elimu. Aibu ni kung'ang'ania kosa baada ya haki kubainika.

NYUMBA INAYOBAKI BAADA YA MWENYEWE

Neothauma akifa, gamba lake halipotei upesi, kwa kuwa maji ya ziwa hili yana chokaa nyingi. Magamba hayo hulundikana chini ya maji hadi yakafanya vitanda vikubwa. Ndani ya magamba hayo matupu huishi samaki wadogo. Mmoja wao, Neolamprologus multifasciatus, ni katika samaki wadogo kabisa wa jamaa yake duniani. Jike lake halifiki urefu wa kidole gumba cha mtu mzima. Humo ndimo anamotaga, ndimo anamolelea vifaranga, na ndimo anamokimbilia adui akija.

Watafiti waliopima umri wa magamba hayo katika ziwa hili walikuta mengine yana mamia ya miaka, na mengine zaidi ya miaka elfu moja. Yaani konokono aliyekufa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, nyumba yake mpaka leo inasitiri watoto wa wengine. Tunapowafundisha habari ya sadaka yenye kuendelea, mfano huu uko mbele ya macho yetu chini ya mitumbwi yetu. Je, sisi tutaacha nini ambacho atakayekuja atakitumia?

ZIWA NI KUBWA, MAKAZI NI MEMBAMBA

Huenda mtu akasema: ziwa lenyewe ni kubwa hivi, konokono wakitoweka hapa kwetu si watakuwapo kwingine? Hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Maji ya ziwa hili si hai yote. Kiumbe anayepumua majini anahitaji oksijeni, na oksijeni huishia kiasi cha mita 100 upande wa kaskazini na kiasi cha mita 200 upande wa kusini. Chini ya hapo, hata kufika mita 1,470, hakuna hewa ya konokono wala samaki. Kwa hiyo makazi ya konokono ni ukanda mwembamba unaolizunguka ziwa kama upindo wa kanzu. Na ndani ya upindo huo, wapendao mawe hawaishi penye matope, na wa matopeni hawaishi penye mawe.

Upindo huo nao unapungua. Mwaka 2016 watafiti walichapisha kwamba katika maeneo waliyoyachunguza, sehemu ya sakafu ya ziwa yenye oksijeni ilikuwa imepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946. Sababu ni joto la dunia. Maji ya juu yanapopata moto zaidi huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na hewa haishuki kama ilivyokuwa ikishuka.

Basi chini wanasukumwa na ukosefu wa hewa, na juu wanafukiwa na udongo wa milimani. Hawana pa kuhamia.

YALIYOWAPATA WENZAO WA VISIWANI

Ili tujue kwamba kiumbe mwenye nyumba moja huondoka upesi, tuangalie visiwa vya Tahiti na Moorea katika Bahari ya Pasifiki. Huko kulikuwa na konokono wadogo wa mitini waitwao Partula, wenye magamba mazuri ambayo wenyeji waliyatunga kuwa shada za shingoni. Kila kisiwa kilikuwa na aina zake.

Mwaka 1967 lilifika Tahiti konokono kubwa la nchi kavu ambalo asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Watu walikuwa wamelisambaza visiwa vingi duniani, wengine kwa ajili ya chakula. Likaanza kuharibu mashamba. Wakubwa wakaona dawa ni kuleta konokono mwingine mla konokono kutoka Florida, Marekani. Akaletwa Tahiti mwaka 1974 na Moorea mwaka 1977. Yule mgeni hakushughulika sana na konokono kubwa. Aliwageukia Partula, ambao ni wadogo na wapole. Haikupita miaka kumi ila Partula wote wa Moorea walikuwa wametoweka porini.

Wataalamu walikuwa wamewahi kuchukua wachache na kuwafuga katika bustani za wanyama. Hata hivyo aina moja ya kisiwa cha Raiatea iliisha kabisa: wa mwisho wake alikufa London Januari 1996, na hakubaki mwingine chini ya jua. Kwa walionusurika kazi imekuwa ndefu. Kuanzia mwaka 2015 maelfu wamerudishwa visiwani, na mwaka 2024 ikathibitika kwamba aina moja, Partula tohiveana, imezaa tena porini. Kuharibu kulichukua miaka kumi, kutengeneza kumechukua zaidi ya thelathini na bado hakujaisha. Na waliofanya kosa lile hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuokoa mashamba. Nia njema bila ya elimu imeangamiza mengi.

JE, KONOKONO SI WALETA KICHOCHO?

Tuliporudi darasani na habari hizi, wanafunzi wakubwa walituambia kwamba wao wamekuwa wakiwaponda konokono kwa mawe, kwa kuwa shuleni wamesoma kuwa konokono huleta kichocho. Nia yao ilikuwa njema kama ya wale wa Tahiti. Basi tulifafanue jambo hili.

Kichocho kipo, na ni maradhi ya kuogopwa. Lakini konokono anayekipokea ni wa aina chache tu, ambazo zimeenea sehemu nyingi za Afrika. Mmoja ni mdogo mwenye gamba jembamba lililozungushwa bapa kama kamba iliyokunjwa sakafuni. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia au yaendayo polepole, penye majani na uchafu: vidimbwi, mitaro na midomo ya vijito. Wale wenye magamba magumu wanaong'ang'ania mawe penye mawimbi ni watu wengine kabisa.

Tena hata huyo wa kichocho hazaliwi na ugonjwa. Ugonjwa anaupata kwetu. Mgonjwa anapojisaidia majini au karibu na maji, mayai ya mnyoo hutoka katika haja yake, huanguliwa, na kumwingia konokono. Humo wadudu huongezeka, hutoka, na kumpenya ngozi mtu anayeoga au kuchota maji. Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na ametutahadharisha na kujisaidia njiani na kivulini wanapopumzika watu. Anayeshika adabu hiyo ameukata mnyororo wa kichocho katika pete yake ya kwanza, bila ya kuponda konokono hata mmoja. Na anayekojoa damu, au anayeumwa tumbo na kupata damu chooni, aende kituo cha afya. Dawa ipo.

Sisi watu wa Kagunga hatuhitaji kuambiwa mara mbili thamani ya maji safi. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya ndugu zetu waliokimbia Burundi walijaa katika ufuo wetu huu mwembamba, na kipindupindu kikazuka. Meli ya Liemba iliwachukua makundi kwa makundi hadi Kigoma. Maji yale yale yaliyokuwa mbele yetu, mengi yasiyo na mwisho, hayakufaa kunywa.

UDONGO WETU

Sasa tueleze kosa letu. Tulipohitaji chumba kingine cha darasa, tulichimba mteremko wa nyuma ya madrasa tupate uwanja. Kijiji chetu, kama mjuavyo, kimebanwa kati ya mlima na ziwa, kwa hiyo mwenye kutaka tambarare ni lazima achimbe. Udongo uliotoka tuliusukuma korongoni. Tulikata na miti iliyokuwa pale, tukachomea matofali. Hatukufikiri zaidi ya hapo. Mvua za Novemba zilipokuja, korongo liliuteremsha udongo wote hadi ufukweni. Chumba tukakipata, na mawe yakavaa tope.

Konokono wa mawe hula utando wa kijani uliomo juu ya jiwe. Tope likifunika jiwe, chakula chake kimefunikwa. Mwaka 1993 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba sehemu za ziwa hili zinazopokea tope jingi kutokana na ukataji wa miti zilikuwa na aina chache zaidi za samaki na viumbe wengine wadogo kuliko sehemu safi. Mwaka 2005 wengine wakaonyesha kuwa tope hilo linawaathiri konokono wenyewe. Na kwa kuwa watoto wa Lavigeria hutambaa tu, jiwe likishakuwa tupu halijazwi kesho yake na konokono wa mbali.

Tofauti tunaiona kwa macho. Panda boti ya kwenda Kibirizi. Ukiipita Mwamgongo unaingia Gombe, ambako msitu umehifadhiwa, ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Pale mlima ni wa kijani hadi majini. Kisha angalia milima ya vijiji vyetu, namna mihogo ilivyopanda hadi kileleni na ardhi ilivyo nyekundu. Hatusemi watu wasilime, kwani mtu lazima ale. Tunasema udongo ukiteremka, mkulima amepoteza shamba, mvuvi amepoteza mazalio ya samaki, na konokono amepoteza nyumba. Hasara ni tatu kwa mvua moja.

TULIYOYAFANYA NA TUNAYOYAOMBA

Baada ya maneno ya yule mzee, wanafunzi wakubwa na baadhi ya wazazi walikuja siku za Ijumaa baada ya sala. Tulipanga mawe kwa mistari kukingama mteremko, tukapanda matete korongoni na miche ya miti juu yake. Kazi ya kupanda miti si ngeni katika mkoa wetu. Tangu mwaka 1994 mradi wa TACARE ulioanzishwa na taasisi ya Jane Goodall umekuwa ukishirikiana na vijiji vya jirani ya Gombe katika kazi hiyo. Masika iliyofuata maji ya korongo letu yalishuka mekundu bado, lakini si mazito kama ya mwanzo. Hatudai kwamba konokono wamerudi. Tulipokwenda kufua mikeka tena tuliwahesabu saba juu ya lile jiwe.

Kwa hiyo tunawaomba haya:

1. Mwanafunzi asiponde konokono wala asimng'oe jiweni kwa mchezo. Akitaka kumtazama, amtazame alipo.

2. Magamba matupu yaliyomo majini yaachwe majini, kwani yana wenyewe.

3. Mtu asijisaidie ziwani wala kijitoni. Kila nyumba iwe na choo.

4. Mwenye kuchimba mteremko ajenge kwanza kizuizi cha mawe, ndipo achimbe. Sisi tulifanya kinyume.

5. Asilete mtu kiumbe wa ziwa jingine kumtia humu, hata kwa nia njema.

6. Nyavu za kokoro zinazokokotwa ufukweni zimekatazwa na serikali. Zinazoa wadogo na wakubwa, na zinakwangua sakafu nzima.

HITIMISHO

Binadamu amefanywa khalifa katika ardhi, na khalifa hana mali. Ana amana tu, na amana huulizwa. Mtu akipewa kuhifadhi vitu elfu vinavyopatikana sokoni, kimoja kikivunjika atanunua kingine. Akipewa kitu ambacho hakina cha pili, hukishika kwa mikono miwili. Watu wa Kagunga, Ujiji na ufuo mzima wa ziwa hili wamepewa kitu kisicho na cha pili. Hakuna mtu wa Makka wala wa London anayeweza kuwahifadhi konokono hawa ziwani kwa niaba yetu, kwa sababu jiwe liko mlangoni kwetu.

Yule mwanafunzi wa Juzuu Amma tulimwita mbele ya wenzake, tukamwambia jibu letu la mwanzo lilikuwa na makosa, tukampa la sahihi. Alifikiri kidogo, kisha akasema: "Basi shangazi akija nitampeleka akawaone." Tunamwomba Mwenyezi Mungu shangazi yake akija awakute.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tunasema ziwa ni kisiwa kwa viumbe wa majini?

2. Taja konokono wanne wa Ziwa Tanganyika na sifa moja ya kila mmoja.

3. Eleza kwa nini magamba yao ni manene, na kwa nini dhana ya mwaka 1903 haikuwa sahihi.

4. Mnyororo wa kichocho unaanzia kwa nani? Tukate wapi?

5. Nenda na mzazi wako kwenye jiwe moja ufukweni. Hesabu konokono bila ya kuwatoa, andika tarehe na idadi katika daftari, na urudie baada ya masika. Daftari lililetwe madrasa.

Wabillahi tawfiq.